Moshi Ndani ya Chupa za Solange

Waliokuwepo nyumbani kwa Marita, hapa Whitehall, Columbus, Jumamosi ile ya maombi, ni hawa, na ninawataja kama walivyokaa. Karibu na dirisha alikaa Solange, mjukuu wangu, ambaye ndiye hasa aliyefiwa. Pembeni yake Tariq, mtu wa Bangladeshi, aliyefanya kazi naye meza moja katika labo, yaani maabara, ya Buffalo na siku hizi anakaa hapa hapa Columbus. Kisha Ezekieli, mwanangu, baba yake Solange, aliyeendesha gari tangu Louisville na bado alikuwa na viatu vya kazi miguuni. Pasta Samsoni alipewa kiti cha peke yake. Marita, binti yangu na mwenye nyumba, hakukaa hata kidogo, alikuwa anaenda jikoni na kurudi. Na mimi, chini juu ya mkeka, kwa sababu viti vya Marita vinanimeza. Tulikuwa tunamlilia Profesa Halina, mkubwa wa labo. Hakuna kati yetu aliyekuwa na undugu naye, lakini Solange alisema mtu aliyemfundisha miaka mitano hawezi kuzikwa Buffalo halafu sisi tule kama kawaida.

Baada ya maombi Marita akaleta bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki, na watu wakaanza kukumbuka mambo ya marehemu, kama ilivyo. Tariq ndiye aliyeanza kusimulia siku Koko, yaani mimi bibi yao, alipoingia labo na mkebe wa moshi. Alisema kwa Kiingereza, Solange akawa anageuza, na kila mmoja akaongeza chumvi yake. Ezekieli alicheka mpaka akashika meza. “Donc siku ile ile aliyojua,” Solange akasema, akinitazama kwa macho ya upendo, “siku ile ile akapanda basi! Hakungoja hata kuvaa soksi!” Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa mdomo, na tangu siku hiyo sijatulia. Nalala, naamka, napanga masufuria ya Marita ambayo tayari yamepangwa. Ndiyo maana nimeomba daftari. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo mwandiko wangu unatembea kama kuku, lakini majina sijayasahau, na ule mwaka sijausahau.

Ule mwaka nilianza nikiwa Okolona, Louisville, kwa Ezekieli. Ezekieli na mke wake walifanya kazi katika bohari za mizigo, zamu ya usiku, kwa hiyo mchana nyumba yote ililala isipokuwa mimi. Unajua ni nini kukaa mchana kutwa katika nyumba ambayo watu wamelala? Unatembea kwa vidole. Unafungua pazia kidogo, unafunga. Unaosha kikombe kimoja mara tatu. Siku moja nilisema, basi, nitafanya kazi yangu mwenyewe. Nikachukua jagi la maziwa la mke wa Ezekieli, nikawasha vijiti ndani ya mkebe, nikalifunika jagi juu ya moshi, kinywa chini, kama mama yangu alivyonifundisha kule juu milimani. Kwetu chombo cha maziwa hakioshwi tu kwa maji kikawa kimeisha. Chombo kinafukizwa. Chombo ambacho hakijapata moshi ni chombo kibichi, maziwa yake yanaharibika upesi, na mtu anayepeleka chombo kibichi kwa ng'ombe, hata ng'ombe anamshangaa. Basi kile kidude cha darini kinachonusa moshi kikaanza kulia. Kililia mpaka Ezekieli akatoka chumbani na nguo za kulalia, akifikiri nyumba inaungua. Mwenye nyumba akaandika barua. Mwezi uliofuata nikawekwa ndani ya gari, nikapelekwa Columbus.

Kwa Marita, Whitehall, ilikuwa nyumba ya ghorofa yenye milango mingi inayofanana, na bila gari huwezi kufika popote. Marita alikuwa anatunza wazee wa watu katika nyumba ya wazee, akirudi jioni amechoka na wazee, akanikuta mimi, mzee mwingine. Sitasema mengi. Nilifukiza tena, mara moja tu, dirisha likiwa wazi. Safari hii hakikulia kidude kimoja, vililia vya jengo zima, na lori jekundu la wazima moto likaja na vijana wanne wakubwa kama milango. Kiongozi wao, jina lake Brandon, alinisaidia kushuka ngazi akiwa ameshika mkebe wangu kwa glavu kama ameshika nyoka. Jioni hiyo Marita aliita Pasta Samsoni, tukakaa mezani, na mbele ya pasta nikaahidi sitafukiza tena chombo katika nchi hii. Ezekieli alikuwa kwenye simu, akasema: “Mama, hii ni ya mwisho. Solange amekubali kukuchukua Buffalo. Ukimsumbua mtoto na masomo yake, unarudi kwa Marita na utakaa ndani.” Begi langu lilikuwa halijawahi kufunguliwa vizuri tangu Louisville. Nililifunga tu zipu.

Buffalo nilipapenda. Watu wetu wanakaa West Side katika nyumba za mbao za zamani zinazolia ukitembea, na sisi tulikuwa juu, na chini alikaa Jeannine, mjane wa Burundi, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Kulikuwa na kibaraza cha nyuma chenye ngazi zinazoshuka uani, na uani mti wa tufaha ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Solange alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni, na tulipokula maharagi alinieleza kazi yake, akichora na kijiko. Walikuwa wanatengeneza kidude kidogo kama ukucha, anakiita kihisio. Juu yake kuna mistari ya dhahabu, na juu ya dhahabu wamepanda vitu vidogo mno, ukiupasua unywele mara maelfu bado hujafika kwenye udogo wake. Vitu hivyo vinashika alama ya ugonjwa wa kiwele ndani ya tone la maziwa. Vikishika, umeme mdogo unapita, na namba inapanda kwenye mashine, kabla mfugaji hajaona uvimbe wala damu. Nilimwuliza, “Na mkono wa mtu? Mimi nilikuwa najua kwa mkono.” Akacheka. “Koko, mkono wako hauwezi kukamua Amerika nzima.”

Maziwa yenyewe yalitoka kwa mfugaji mmoja nje ya mji, Mzee Dale. Kila Jumatano Tariq alikwenda, kila Jumamosi Solange. Jumamosi ya kwanza alinichukua. Ng'ombe wa Mzee Dale hawakuwa na majina, walikuwa na namba masikioni, kwa hiyo niliwapa mimi. Mmoja mwekundu mwekundu nikamwita Bihogo, mwingine mweupe Gitare. Nilimsugua Bihogo shingoni, akaninyooshea kichwa, na Mzee Dale akamwambia Solange kitu. “Anasema nini?” “Anasema huyo hapendi watu.” Nilirudi mjini moyo wangu ukiwa mwepesi. Lakini niliona kitu kilichoniuma. Chupa. Chupa kumi na mbili za kioo, Solange alikuwa anazileta nyumbani kila Ijumaa mchana ndani ya sanduku, kwa sababu Jumamosi alitoka nyumbani alfajiri moja kwa moja kwenda zizini. Akishaliacha sanduku alirudi labo kumalizia siku. Tariq chupa zake zilikaa labo. Nilifungua kifuniko cha moja, nikanusa. Hakuna kitu. Harufu ya hospitali. Mtoto wangu, mjukuu wa watu waliolala nyumba moja na ng'ombe, anakwenda kwa Bihogo na chombo kibichi.

Sikumwuliza. Nilijua jibu. Ijumaa iliyofuata alipoacha sanduku na kurudi kazini, nikatoka na mkebe kwenye kibaraza cha nyuma, ambako hakuna kidude cha kulia, nikawasha vijiti vikavu vya ule mti wa tufaha, nikafukiza chupa moja moja, nikafunga vifuniko, nikapanga kama nilivyozikuta. Jeannine akatoka chini akipunga kanga. “Mama Ezekieli! Utachoma nyumba ya watu na Warundi ndani yake!” “Toka huko, huu ni moshi wa maziwa, hauchomi.” “Waambie hivyo wazima moto.” “Wananijua, uliza Brandon.” Ijumaa ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Solange hakusikia harufu. Zizini kunanuka zizi, labo anavaa barakoa, halafu pia nguo zangu na blanketi langu vina moshi huo tangu nilipombeba mgongoni. Kwake hiyo siyo harufu, ni mimi.

Mwanzoni kulikuwa na furaha. Solange alirudi akiruka ngazi mbili mbili: kihisio kimeona ugonjwa katika ng'ombe ambao daktari wa mifugo bado hajauona! Profesa Halina alimpa karatasi za kwenda kusoma mbele ya watu wakubwa. Nilipika ndizi na nyama. Tukaalika Jeannine. Wiki tatu tu. Kisha daktari wa mifugo akapima ng'ombe wote, akasema ni wazima. Mzee Dale alikuwa ameshamtenga Bihogo, ambaye namba yake ilipanda kuliko zote, maziwa yake yanamwagwa, na alikuwa anapanga kumpeleka kuchinjwa. Tariq akapima maziwa yake ya Jumatano, ng'ombe wale wale, kihisio kile kile: hakuna kitu.

Jumanne moja jioni nilikuwa nachagua mchele jikoni na Solange alikuwa sebuleni anaongea na baba yake kwenye simu, sauti imewekwa wazi. Nilisikia kila neno. “Papa, wanafikiri nimetunga namba. Bon, hawajasema hivyo, Profesa hawezi kusema hivyo, lakini ameomba daftari langu. Kuna kikao Jumatano ya wiki kesho. Nisipoeleza, natoka.” “Lakini kitu gani kimebadilika?” Ezekieli akauliza. “Ndivyo na yeye aliniuliza. Nini kilibadilika tangu mwezi wa kumi? Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Maziwa yangu yana kitu ambacho ya Tariq hayana, na mimi sijabadilisha kitu. Haiko kitu kilichobadilika.” Mimi niliingia nyumba ile mwezi wa kumi. Mkono wangu ulisimama ndani ya mchele. Nilijua, kama unavyojua umeacha sufuria motoni. Na Ezekieli akasema: “Mama hakusumbui? Sema tu, nimrudishe kwa Marita.” “Koko? Hapana, Papa. Koko ndiye kitu kizuri peke yake katika nyumba hii.”

Nani angeingia sebuleni baada ya neno hilo? Mwingine labda. Mimi nilipika mchele.

Asubuhi nikashuka kwa Jeannine, nikamwambia yote. Alikuwa anapiga pasi. Aliweka pasi chini. “Basi mwambie leo.” “Nitamwambia.” “Leo, Mama Ezekieli.” Jioni Solange alirudi, uso umevimba, akala kidogo, nikamwekea maji ya moto ya kuoga, sikusema. Kesho yake Jeannine akapanda ngazi. “Umesema?” “Bado.” Ikawa hivyo kila siku, akipanda na mwiko mkononi, na kitambaa, na Biblia mara moja. “Umesema?” “Bado.” “Unangoja nini, afukuzwe ndipo umpikie?” Nilikuwa nazunguka ile nyumba kutoka dirisha la mbele hadi kibaraza cha nyuma. Nilifagia ngazi. Nilifagia njia ya watu mtaani mpaka mtu mmoja akanishukuru. Begi langu lilikuwa chini ya kitanda, na kwa mara ya kwanza mwaka ule lilikuwa tupu, nguo zimetundikwa. Nilisema moyoni, nitaacha tu kufukiza. Nikiacha, namba zitanyooka zenyewe, watu watasahau, na hakuna atakayejua. Ijumaa sanduku lilipokuja, sikuligusa. Nililipita kama mtu anayempita mtu anayemdai.

Jumamosi hiyo Profesa alimtuma Tariq aende na Solange zizini. Jumatatu wakapima. Solange alirudi saa nane mchana, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akakaa kwenye ngazi za kibaraza bila kuvua koti. Nikakaa naye. “Namba ni nzuri, Koko,” akasema. “Zote ziko chini. Ng'ombe wote wazima.” “Basi si vizuri?” Akanigeukia. “Koko, hukusikia? Nikienda peke yangu, ng'ombe wagonjwa. Tariq akinitazama, ng'ombe wazima. Sasa wewe ungefikiri nini? Tariq mwenyewe hakuniangalia machoni. Mimi mwenyewe naanza kujiuliza kama naandika vitu nisivyoviona.” Yaani nilichofikiri ni dawa ndicho kilichomfunga kamba. Na hata hapo, mbele ya uso ule, nilifungua mdomo na kilichotoka ni: “Ingia ndani, utapata baridi.” Jumanne pia nilinyamaza. Siwezi kuieleza Jumanne. Ilikuwepo tu.

Jumatano Solange aliondoka na nguo za kanisani. Jeannine akapanda, hakuuliza kitu, alikuwa tayari amevaa koti. “Kikao ni saa nne. Chukua mkebe. Kama hushuki, naenda mwenyewe, na mimi sitakusemea vizuri.” Nikachukua mkebe, nikavunja vijiti vya mtufaha, nikashuka. Kweli sikuvaa soksi, hilo walisimulia sawa. Tulipanda mabasi mawili. Mlangoni kijana wa ulinzi, Marcus, akauliza ndani ya mkebe kuna nini, Jeannine akamjibu kwa Kiingereza chake, “Dawa ya profesa,” akatupeleka mwenyewe.

Walikuwa wanne mezani: Profesa Halina, nywele nyeupe zimekatwa kama za mwanamume, mzee mmoja wa ofisi ambaye jina lake sikupewa, Tariq, na Solange upande wa pili peke yake, daftari limefunguliwa mbele yake. Solange alisimama. “Koko! Nakuomba, toka. Jeannine, mtoe.” “Waambie,” nikasema, “chupa zako nilizifukiza.” “Koko, toka.” “Anasema nini?” Profesa akauliza. Hilo nililielewa, kwa mkono wake. Solange akaniangalia, akaangalia mkebe, akaangalia vijiti, na nikaona neno linamfikia polepole. Akakaa. Akaanza kugeuza maneno yangu: bibi yangu anasema kila Ijumaa aliwasha vijiti, akafunika chupa juu ya moshi, kwa sababu chombo cha maziwa bila moshi ni aibu. Tariq akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na chupa iliyobaki ya Jumamosi za nyuma, akaifungua, safari hii bila barakoa, akanusa. Akasema kitu, na Solange akacheka na kulia pamoja. “Anasema inanukia samaki wa kukaushwa wa kwao.”

Profesa Halina hakucheka. Aliniuliza, kupitia Solange: Mti gani? Kwa muda gani? Chupa zote? Nikamjibu: mtufaha, muda wa kuimba wimbo mmoja wa beti nne, na siyo zote. “Kumi tu. Makaa yalikuwa yanazimika kabla sijafika mbili za mwisho, na niliogopa kuwasha tena mtoto asinikute.” Solange aligeuza, kisha akaliangalia daftari lake. Profesa akavuta daftari kwake, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Kila Jumamosi ile ile, chupa ya kumi na moja na ya kumi na mbili ziko chini. Solange aliziandika kama alivyoziona, ingawa zilimharibia hadithi yake nzuri. Mtu anayetunga, Profesa akasema, hatungi hivyo. Kisha tukaenda kwenye kabati lao la kioo linalovuta hewa, nikawasha mkebe wangu mbele ya watu wasomi, nikafukiza chupa, wakatia maziwa safi, wakadondosha tone kwenye kile kidude. Namba ikapanda mpaka juu. Moshi, Solange alinieleza baadaye, unaacha ndani ya kioo vitu vinavyotoa umeme wao wenyewe juu ya dhahabu, na kihisio hakikuwa kinajua tofauti. Walikaa miezi mingine wakikifundisha. Na Profesa alimpigia Mzee Dale hapo hapo tukiwa tumesimama, na Bihogo akarudishwa kwa wenzake.

Katika korido, Jeannine akiwa kando yangu, Solange alinishika mabega. “Koko, ulijua lini?”

Hilo ndilo swali. Hakuwa na hasira, alitaka tu kujua, kama wanavyotaka kujua kila kitu, saa ngapi na dakika ngapi. Nikamwambia: “Leo asubuhi. Jeannine alinieleza mambo ya kikao, ndipo nikaelewa.” Akanikumbatia mpaka mkebe ukaniminya kifuani. Jeannine alitazama sakafu. Ndani ya basi la kwanza na la pili alikaa kiti cha mbali nami, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena kitu kwa namna ile ya kupanda ngazi. Jioni Ezekieli alipiga simu, tayari kuja kunichukua, na nilimsikia Solange akisema: “Papa, mtu aliyekimbia siku ile ile bila soksi kuja kuniokoa, unataka kumpeleka wapi?” Nikabaki Buffalo mpaka alipomaliza masomo, miaka mitatu. Nilikula, nililala, nilitundika nguo zangu juu ya neno lile.

Sasa Profesa amekufa akiamini hivyo, na Jeannine amehamia kwa mtoto wake na hatanisema. Wa kusema nimebaki mimi. Ninyi mnaosoma, kama nimekosea, nisahihisheni, sitakasirika. Labda yule wa lori jekundu hakuwa Brandon. Labda beti zilikuwa tatu. Tariq anisahihishe habari za dhahabu, Ezekieli aseme kama barua ya mwenye nyumba ilikuwa moja au mbili. Na wewe, Solange, ambaye najua utasoma kabla ya wote ili unyooshe mwandiko wangu, hapa usinyooshe: nilijua tangu Jumanne ile ya simu, nilikuwa na mchele mkononi. Wewe ulizoea kuandika namba kama zilivyo. Hesabu mwenyewe mpaka Jumatano ya kikao, uniambie kama siyo siku nane.